Nyanya Nne za Pasaka

Kasongo, 16 Septemba 2025

Yaya Régina,

Nakuamkia, wewe na shemeji Clovis, na watoto wote wanaolala chini ya paa lenu. Kikohozi cha Laura kimekwisha? Mara ya mwisho ulisema anakohoa mpaka anashika mbavu, na mimi namfikiria kila vumbi linapopanda barabarani. Na mgongo wako je? Bado unakuuma ukiinama shambani, au dawa ya kuchua aliyokupa mama mkwe imesaidia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, naoga, natembea. Zaidi ya hapo sitaki kukujibu upesi, kwa sababu barua hii nataka iende polepole, na wewe uifuate polepole bila kuruka mstari.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu iko. Juma lililopita tulipozungumza ulikuwa umepanda kile kilima nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, na upepo ulikula nusu ya maneno yako. Kisha simu ikakatika, na mimi nikashukuru. Maneno niliyokuwa nayo yangetoka kinywani yangekuwa matusi, na wewe ndiye dada uliyenifunga mgongoni mama yetu alipokufa, nikiwa na miaka minne na wewe kumi na saba. Kukutukana sijui. Karatasi inaniruhusu kukuambia ulichonifanyia bila kupaza sauti.

Turudi kwenye Pasaka. Nilifika kwenu Jumamosi na matope mpaka magotini, maana pale kwenye madaraja mabovu tulishuka mara sita kuisukuma pikipiki. Nilingoja watoto watoke, nikafungua mfuko wangu wa nguo jikoni, mbele yako peke yako, nikatoa nyanya nne. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Uliniuliza ni agronomu gani huyo anayetoka Kasongo kuwaletea watu wa Kabambare nyanya, na kama mwaka ujao nitawapelekea watu wa Nyangwe, wanaoishi mtoni, samaki.

Nilikueleza, na najua ulinielewa, kwa hiyo usije ukasema hukuelewa. Nilikuambia kwamba kwa miaka mingi wakulima walichagua nyanya kubwa, na kadiri tunda lilivyokua ndivyo utamu ulivyopungua, mpaka tukazoea kwamba kubwa ni la kujaza sufuria na dogo ndilo la kula. Nikakuambia kwamba ndani ya mmea kuna jeni mbili zinazofanya kazi kama freni ya pikipiki: sukari ikianza kupanda, zenyewe zinaibana. Wataalamu katika maabara ya ng'ambo walizikata hizo mbili, basi. Hawakuongeza kitu cha mnyama wala cha mmea mwingine. Tunda lilibaki na ukubwa wake, sukari ikapanda karibu theluthi moja. Mbegu ndizo zilizopungua na kuwa nyepesi, ingawa zinaota vizuri. Mradi wetu umepewa kibali cha kuzijaribu hapa Kasongo ndani ya nyumba ya neti yenye kufuli, tuone kama zitavumilia joto letu na mvua zetu. Na kibali kinasema hakuna tunda, jani wala mbegu itakayovuka neti kabla wakubwa hawajaamua.

Uliniuliza basi hizi nne zimevukaje. Nikakujibu kwamba nimezichukua mimi. Sababu unaijua, ndiyo maana hukuniuliza mara ya pili. Nyumbani kwetu mtu aliyelima kwa mara ya kwanza haonji mavuno yake kabla aliyemlea hajayaonja. Wewe karanga zako za kwanza ulimpelekea bibi, siku mbili kwa miguu na kapu kichwani, hukutia hata moja mdomoni ingawa njaa ilikupiga njiani. Mimi nimesoma miaka mitano. Nimeandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya nyanya. Lakini nilipoona matunda yangu ya kwanza yameiva, na kujua kwamba baada ya sikukuu wageni watayakata vipande, watayaonja na kuandika alama, nilichuma nyanya nne. Sikuweza kukubali ulimi wa mgeni utangulie wako. Kwa mtu wa sayansi ni ujinga. Nilijua ni ujinga nilipokuwa nazifunga ndani ya kitenge.

Na kulikuwa na mtu aliyeniwezesha kuja. Nilikusimulia habari za Hemedi, Baba Iliasi, anayemwagilia na kushika funguo, yule anayeziita nyanya zetu wanafunzi kwa sababu kila moja ina namba shingoni na asubuhi zinaitwa majina. Ndiye aliyesema Wakristo wote twende tukale Pasaka na watu wetu, yeye Idi yake imeshapita, atabaki na darasa.

Ulikula ya kwanza umefumba macho. Ulipomaliza ulisema kwamba kama mama angeonja hii angekataa kuipika. Nilifurahi siku ile, Yaya. Sijafurahi vile tena. Halafu nikakuomba jambo moja tu: kula zote, na mbegu zitie motoni. Uliweka mkono juu ya figa la mama, lile jiwe ulilobeba ulipoolewa, ukasema zitaungua zote, hata moja haitabaki. Mimi sikukulazimisha kuapa. Uliapa mwenyewe.

Sasa sikiliza nilivyojua.

Jumamosi ya tarehe sita nilikuwa sokoni natafuta sombe, majani ya muhogo. Kuna mama mmoja, Marguerite, ambaye huwa nanunua kwake. Mbele yake kulikuwa na rundo la nyanya kubwa, nyekundu sawasawa. Nilichukua moja bila kufikiri, nikaiuma. Alinipigia kelele kwamba nakula mali ya watu kama mbuzi aliyekata kamba. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimeujua utamu ule kabla sijameza. Niliipasua kwa kidole, nikaona vyumba vya mbegu viko nusu tupu, na mbegu zenyewe ni zile nyembamba ninazozipima kila juma kwenye mizani.

Marguerite aliona nimesimama kama mti, akalainika. Akaniambia nisiogope, kila mtu anashangaa hivyo mara ya kwanza. Akasema hizi ni nyanya za Aurélie. Akasema zinatoka Kabambare kwa mama mmoja anayeitwa Régina, ambaye mdogo wake amesoma mpaka amewapita Wazungu, na huyo mdogo ndiye aliyemtumia dada yake mbegu kwa ruhusa ya serikali, iliyopigwa muhuri. Watoto wanazila kama papai, akasema, ila kwa mchuzi wa samaki hazifai, mume wake amemuuliza kama siku hizi anapikia samaki ndani ya chai. Wanawake wawili jirani wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza na mimi naitwa nani. Nikamwambia naitwa Louise.

Nimelikana jina langu sokoni, Yaya, kwa sababu yako. Nimetembea mpaka nyumbani na ile nyanya mkononi, na maji yake yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Ulipopokea simu hukuogopa hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Ulifurahi kwamba habari imefika Kasongo. Ulisema mkono wako ndio uliokataa: ulizikamua mbegu ili uzitupe motoni, na kabla hujajua ulikuwa umeshazichanganya na majivu na kuzibandika ukutani, juu ya moshi, pale pale mama alipokuwa akibandika zake, kwa sababu mkono wako tangu utoto haujafanya kitu kingine na mbegu ya nyanya. Uliniuliza kama kweli nilitaka uchome mbegu. Ulitamka neno hilo kama vile nilikuagiza uchome mtoto.

Hapo ningekusamehe. Nami nimekulia jikoni mle, naujua ule ukuta, najua vidole vinavyokwenda vyenyewe. Lakini kutoka ukutani mpaka kwenye kitalu si mkono tena. Kukwangua mbegu baada ya siku kumi, kulainisha udongo, kuhamisha miche, kubeba maji kutoka mtoni Juni na Julai yote bila tone la mvua, hayo hufanywa na kichwa. Kuwagawia wanawake kumi na mmoja wa kwaya ni kichwa. Kusema serikali imeruhusu, tena kwa muhuri, ni kichwa, tena kichwa chepesi. Na miezi hiyo yote tulikuwa tunaongea. Uliniambia habari za kikohozi cha Laura, ukaniambia shemeji amenunua mabati, ukaniimbia hata wimbo mpya wa kwaya. Nilikuuliza mwezi Juni umepanda nini mwaka huu. Ulinijibu mihogo na karanga.

Ukasema umezipa jina langu ili Kabambare yote ijue yule yatima uliyemfunga mgongoni amefika wapi. Ulisema kwa sauti ya kutaka nikushukuru. Nilikuamini kwa kitu kimoja cha siri, nawe umekitembeza kwa jina langu mpaka kwenye meza za soko, kilomita chache kutoka kwenye neti yetu. Sina hofu kwamba nyanya hizo zitadhuru tumbo la mtu. Ninachojua ni kwamba tuliweka sahihi, na mradi ukifungwa watasema hivi ndivyo watu wa kwetu Maniema walivyo, ukiwapa kitu cha kutunza wanakipeleka nyumbani. Na watakuwa na haki, maana kilipelekwa.

Siku tatu nilizunguka na hasira hiyo. Nilikuwa naongea na wewe kichwani nikifua, nikipima majani, nikipanda ngazi za kanisa. Kila mara nilikushinda.

Yaya, mpaka hapa nimeandika kama mtu aliyeonewa. Nimezisoma tena kurasa hizi na naona zinapendeza: msichana msomi aliyesalitiwa na dada yake. Na ni kweli umenisaliti, siondoi hata neno moja. Lakini kuna jambo sijakuambia, na tangu Aprili mpaka jana sikumwambia mtu yeyote.

Jumanne baada ya Pasaka, Bwana Salomon, mkuu wa mradi wetu, aliingia ndani ya neti kuhesabu matunda kabla ya wageni kufika. Alikuta namba nne zinaning'inia bila tunda. Alituita wote. Akaniuliza mimi kwanza, kwa sababu daftari la matunda ni langu. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema. Hiyo nia ilikuwepo, nakumbuka hata sentensi niliyoitayarisha. Kilichotoka ni kwamba funguo zilikuwa kwa Baba Iliasi.

Ni maneno ya kweli. Ukiyachunguza moja moja huwezi kupata uongo ndani yake. Funguo zilikuwa kwake kwa sababu alitaka mimi nije kwenu. Na asubuhi ya Ijumaa Kuu nilipomwomba anifungulie niandike vipimo vya mwisho, alinifungulia, akageuka kuwasha jiko lake la chai, na hakunikagua mfuko kwa sababu hakuona kwa nini amkague binti anayemwita mwalimu.

Aliniangalia. Sidhani alinishuku. Nafikiri alikuwa ananingoja niendelee, nimalizie kwamba na mimi niliingia siku ile. Sikuendelea. Bwana Salomon akamgeukia, naye akasema tu kwamba nyanya mbichi hazimpandi, mkewe ni shahidi. Mtu mmoja akacheka. Jioni alirudisha funguo na viatu vya mpira, akaviosha kwanza. Tangu siku hiyo vijana wa barabarani wakimwona wanamwuliza kwa sauti: Baba Nyanya, wale wanafunzi wako wamefaulu? Yeye anainua mkono, anapita.

Miezi mitano, Yaya. Nilijiambia kwamba angalau mbegu zimeungua, kwa hiyo hakuna aliyeumia ila mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kupata kazi nyingine. Sasa nakuambia ukweli wa kile nilichohisi sokoni nyanya ile ikiwa mdomoni. Kilichonipita moyoni kwanza hakikuwa hasira kwako. Kilikuwa hofu kwamba sasa itajulikana Baba Iliasi si mwizi. Hasira niliitafuta njiani nikirudi, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuibeba.

Jana asubuhi nilimpelekea Bwana Salomon kurasa mbili zenye habari yote. Alizisoma amesimama. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliniuliza kama najua nimefanya nini kwa kazi ya watu wengi, akanyoosha mkono, nikampa daftari. Atanijibu Ijumaa, lakini sidhani nitashika tena daftari lile, na sidhani atakuwepo mtu wa kuniandikia barua nzuri niende kusoma mbele. Juu ya Baba Iliasi alisema ataona la kufanya, ila msamaha si kazi ya ofisi, hiyo ni safari yangu mwenyewe. Watakuja pia kwenu. Wataing'oa miche yote, yako na ya wale kumi na mmoja, na kuichoma. Usifiche hata mmoja, wala usibakize kitu ukutani. Waambie wanawake wa kwaya kwamba serikali haikuruhusu, na kwamba uliwadanganya. Utaona aibu. Nami naiona hapa.

Baada ya kutoka ofisini nilikwenda kumtafuta Baba Iliasi. Siku hizi anaendesha pikipiki ya shemeji yake, anasimama pale karibu na msikiti. Alinisalimia vizuri, kama kila siku. Aliwahi kuniuliza hata kama ile Pasaka ilikuwa njema. Akaniuliza naenda wapi, na mimi badala ya kusema nilichokuja kusema nikataja soko. Akanipeleka soko. Nikarudi, nikataja misheni. Akanipeleka misheni. Mara ya tatu nilitaja hospitali, naye akacheka akasema leo mwalimu amekuwa na shughuli nyingi, je, hospitali kuna mgonjwa? Nikasema hakuna. Safari tatu nimekaa nyuma yake nikiutazama mgongo wake, na mdomo haukufunguka.

Kwa hiyo barua hii ameileta yeye. Ndiye huyo aliyesimama mlangoni kwako na vumbi la njia yote. Hajui kilichomo, nimemwambia ni habari za ukoo na kwamba angoje jibu. Mpe maji anawe, mpe kiti, mpikie. Akishakula, toa karatasi hizi umsomee kwa sauti, kuanzia salamu mpaka jina langu, na zile sehemu nilizokulaumu usizipunguze, na zile nilizojitetea mwanzoni usinisaidie. Mwaka huu uliniahidi jambo moja ukalivunja. Nakuomba uniahidi la pili. Usiapie chochote, fanya tu. Mimi nimeshindwa, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumtuma, hata sasa.

Nisalimie shemeji Clovis, umwambie asigombane na wewe juu ya bustani. Tutagombana sisi wawili, yatosha. Nibusie Laura na wadogo zake. Wasalimie wanawake wa kwaya, hata kama hawatapenda salamu zangu.

Na wewe, Baba Iliasi, uliyekaa hapo karibu na dada yangu ukisikiliza, nakusalimu kwa heshima. Nyanya nne za Pasaka nilizichukua mimi. Nilisimama mbele yako nikiwa najua, nikakuacha uoshe viatu na kwenda. Ukirudi Kasongo utanikuta nyumbani. Sema lolote utakalo, mbele ya yeyote utakaye. Nitafungua mlango.

Mdogo wako, Yaya,

Aurélie